Mstari wa Pili

Nyumbani,
18 Novemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu na anasema ukirudi na ndevu zile hakufungulii mlango.

Mkanda wako wa filamu ulifika Jumanne ukiwa mkavu kabisa, maana uliufunga ndani ya soksi. Mama ameifua hiyo soksi mara mbili na bado inanuka bwawa. Nilitoka shule nikaenda moja kwa moja studio. Fundi aliniruhusu nisafishe mwenyewe. Yeye alivuta kiti akakaa nje ya chumba cha giza, akasema, "Ukiharibu hata moja usilie hapa kwangu, kalilie kwa mjomba wako." Sikuharibu hata moja, Mjomba. Zote thelathini na sita zimetoka.

Ya ishirini na mbili ndiyo nzuri kuliko zote. Korongo jike, mwenye kovu jeupe mdomoni, amekaa juu ya kiota, dume amesimama nyuma yake, na jua limeingia katika taji zao mpaka zinaonekana kama zimewashwa. Fundi aliitazama muda mrefu bila kusema neno, na wewe unamjua Fundi, hajawahi kukosa neno.

Nimeandika nyuma ya kila picha kama ulivyonifundisha, kwa penseli, mistari mitatu. Wa kwanza ni nani, wa pili ni wapi, wa tatu ni saa ngapi. Nyuma ya ile ya ishirini na mbili nimenakili kutoka daftari lako ulilotuma pamoja na mkanda, neno kwa neno: "Korongo wenye taji, jike na dume, mayai matatu. Mashariki ya bwawa, nyuma ya mti uliopigwa na radi, hatua mia mbili ndani ya matete, kisiwa cha tatu. Saa moja kasorobo asubuhi." Mwandiko umekuwa mdogo ili maneno yote yaenee.

Uliniambia wakati wa likizo kwamba hiyo ndiyo jozi ya mwisho inayotaga katika bwawa hilo. Je, ni kweli bado?

Msalimie Babu Kimya. Mwambie ninakumbuka bado jinsi ya kutembea kwenye tope bila kutoa sauti, ingawa hapa nyumbani hakuna tope na Mama anashtuka nikitokea nyuma yake.

Mpwa wako



Kibandani, bwawani,
1 Desemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba ndevu hizi zinanisaidia, ndege wananidhania kichaka.

Umefanya kazi ya mtu mzima. Na mistari yako mitatu nimeifurahia kuliko hata picha. Ofisi ya hifadhi imenipa mwaka mzima wa kupiga picha ndege wa hapa, mvua na kiangazi, ili ijulikane nani yupo na nani ametoweka. Picha isiyoandikwa nyuma haisaidii kazi hiyo hata kidogo, na baada ya miaka miwili hata aliyeipiga hajui tena alichopiga.

Ndiyo, ni jozi ya mwisho. Nilipokuja hapa mara ya kwanza nikiwa kijana, zilikuwa jozi kumi na moja. Watu wanawatega na kuwauza wakiwa hai, wakafugwe kwenye nyua za wenye nafasi. Makinda ndio wanaotafutwa zaidi, kwa sababu hawajui bado kuogopa mtu.

Mvua ndogo zimekolea. Yangeyange wameanza kujenga, na jana fisi maji alipita chini ya kibanda changu na samaki mdomoni, akanitazama kama mimi ndiye mgeni. Yai la kwanza la korongo litapasuka wiki hii.

Kimya anakusalimu. Kwa namna yake, yaani amenyanyua nyusi nilipotaja jina lako. Miaka kumi na minane analinda bwawa hili na nadhani nimemsikia akisema maneno ya kujaza ukurasa mmoja. Hataki kupigwa picha, lakini nimempa kamera yangu ndogo ya zamani ajifunze. Mpaka sasa amepiga dole gumba lake mara tisa.

Wakati mwingine najiuliza kazi hii ni ya nani. Picha zangu zinafika ofisini, zinaingia kabatini, na anayezitazama ni panya tu. Lakini hayo ni maneno ya mtu aliyelowa miguu. Soma kwa bidii.

Mjomba wako



Nyumbani,
20 Desemba

Mpendwa Babu Kimya,

Shikamoo. Najua hukutegemea barua kutoka kwangu. Nimemwomba dereva wa gari la mahitaji akukabidhi wewe mwenyewe mkononi, si Mjomba.

Nina siri, na nimemchagua mtu anayejua kunyamaza kuliko wote. Lile gazeti kubwa lina ukurasa wa wanafunzi kuhusu wanyama na mimea. Walitangaza shindano la picha. Nimepeleka ile ya korongo, nikasema wazi kwamba aliyeipiga ni Mjomba na mimi niliisafisha tu. Walitaka picha iwe na maelezo kamili, basi nikapeleka na mistari yote mitatu. Mwalimu wangu aliipitia, akasahihisha koma moja, akasema mstari wa pili ndio uliompendeza zaidi, kwa sababu msomaji anajiona kama amesimama palepale.

Jana wamejibu. Tumeshinda, Babu. Itatoka gazetini wiki ya kwanza ya Januari. Mjomba anasema picha zake zinatazamwa na panya. Sasa zitatazamwa na watu wote.

Nitakutumia kipande cha gazeti. Kihifadhi mpaka Mjomba atakapomaliza mwaka wake, kisha nitakuja likizo na tutampa pamoja. Tafadhali usimwambie kabla ya hapo. Niahidi.

Mjukuu wako



Bwawani,
12 Januari

Mjukuu,

Marahaba. Naandika pole pole, vumilia mwandiko.

Gazeti nimepata. Picha imetoka vizuri. Nimeangalia mpaka dereva akasema nitaitoboa.

Makinda ni watatu. Wa mwisho ni mdogo lakini ana kelele, anapiga wenzake. Nimempa jina la mjomba wako.

Ule mstari wa pili nimeusoma mara nyingi. Siku hizi nimehamisha mkeka wangu, nalala karibu na ule mti wa radi. Usiwe na wasiwasi. Hewa ya huko ni nzuri.

Ulisema niahidi. Nimeahidi.

Kimya



Kibandani,
2 Februari

Mpwa wangu,

Nilitaka kukutumia picha za makinda wakijifunza kuruka. Hazipo tena za kutuma.

Ijumaa asubuhi nilikuwa upande wa magharibi nikipiga picha za mdiria. Kimya alikuwa amekwenda barabarani kupokea gari la mahitaji. Niliporudi nilimkuta amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, mikono imening'inia. Kiota kimekanyagwa. Makinda wote watatu hawapo. Dume alikuwa bado kwenye mtego, amejinyonga akijaribu kutoka. Jike hatujamwona.

Nimepiga picha. Ndiyo kazi yangu. Mitego sita, nyayo za watu wanne, mti ule wa radi umekwaruzwa alama kwa panga. Hawakutafuta huku na huko, mpwa wangu. Wametoka kwenye mti, wamekwenda moja kwa moja hatua mia mbili, wamefika. Hakuna tete hata moja lililovunjwa mahali pengine. Mtu amewaelekeza.

Ukiacha wewe uliye mbali, waliojua pale ni watatu: mimi, Kimya, na ofisa wa hifadhi, naye hajawahi kuvuka maji yale kwa kuogopa ruba.

Nimekaa nao tangu mayai. Huyo aliyetuuza, nikimjua, sitaki kumwona tena machoni mwangu maisha yangu yote.

Usimwambie mama yako kwamba nimeandika hivi.

Mjomba wako



Nyumbani,
11 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimeipata barua yako. Nimesikitika sana.

Shuleni tuna mitihani ya majaribio. Nimepata alama nzuri katika jiografia na mbaya katika hesabu. Mama ana kikohozi lakini si kikubwa. Fundi wa studio amepaka mlango wake rangi ya kijani na watu wanamtania kwamba amefungua duka la dawa.

Mjomba, labda hakuna aliyewaelekeza kwa makusudi. Labda mtu alisema tu, bila kujua. Je, mtu wa namna hiyo naye ni sawa na aliyeuza?

Nisamehe kwa barua fupi. Nina mengi ya kusoma.

Mpwa wako



Kibandani,
24 Februari

Mpwa wangu,

Swali lako lina moyo mzuri, lakini hapa halina nafasi. Tumempata.

Ni Kimya.

Sikutaka kuamini. Lakini nisikilize. Tangu Desemba amekuwa akipokea barua kutoka mjini. Dereva anampa mkononi, naye anaziweka ndani ya shati kama mwizi. Mzee ambaye miaka kumi na minane hakuwahi kuandikiwa na mtu. Halafu Januari akahamisha mkeka wake kwenda kwenye mti wa radi bila kuniambia sababu. Nilipomuuliza, alisema hewa. Na siku ya tukio, yeye mwenyewe aling'ang'ania kwenda kupokea gari, ingawa ilikuwa zamu yangu.

Ofisa alimwita, tukakaa watatu chumbani kwake, feni inazunguka, Kimya kofia magotini. Ofisa akamuuliza kama anajua waliofanya. Akasema hawajui. Akamuuliza kama anajua walivyopajua mahali. Akaigeuza kofia magotini. Akaulizwa tena. Akasema, "Mlinzi ni mimi. Kama wamepita, wamepita kwangu."

Nikamuuliza mimi, "Mzee, hizo barua zinatoka kwa nani?"

Akasema, "Kwa mjukuu."

Kimya hakuwahi kuoa wala kuzaa. Mjukuu atamtoa wapi?

Ofisa alitaka shahidi atie sahihi ili Kimya aachishwe kazi. Nilitia. Alipotoka alinipita mlangoni, akaninyanyulia nyusi, kama kila siku. Hicho ndicho kinachoniudhi zaidi, kwamba hakuona hata aibu.

Usihuzunike. Watu tunawajua nusu tu.

Mjomba wako



Nyumbani,
9 Machi

Mpendwa Babu Kimya,

Sijui kama barua hii itakufikia. Dereva anasema umehamia kwa wakata matete, upande wa pili wa bwawa, na amekubali kukutafuta.

Ni mimi, Babu. Wewe unajua na mimi najua. Siku nilipopata barua ya Mjomba kuhusu makinda nilikwenda maktaba nikalitazama gazeti, nikausoma mstari wa pili kama mtu mwenye panga angeusoma. Ni kama nimewachorea ramani.

Nimeanza kumwandikia Mjomba mara nne. Mara nne nimechana. Alisema hataki kumwona aliyefanya hivyo maisha yake yote, na baba sina, nina Mjomba tu. Nilimwambia Mama. Alikaa kitandani, kisha akasema, "Mwache kwanza kaka yangu apoe." Nimekuwa nikisubiri apoe. Na wewe wamekufukuza wakati mimi nasubiri.

Kwa nini hukusema? Ulikuwa unavunja ahadi ndogo tu ya mtoto.

Niambie nifanye nini. Utakachosema nitakifanya.

Mjukuu wako



Kwa wakata matete,
23 Machi

Mjukuu,

Marahaba, ingawa safari hii hukusema shikamoo. Nimekusamehe hilo.

Ahadi haina ndogo. Halafu sikusema uongo. Mlinzi nilikuwa mimi. Nilijua gazeti limetoka, nikadhani mzee mmoja na mkeka wanatosha. Ningemwambia mjomba wako siku ileile, tungehamishia macho yote pale. Sikumwambia kwa sababu nilitaka umpe zawadi yako. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Kwa hiyo tugawane, usibebe peke yako.

Barua za kufuata kwenye gari sikuwa nazo nyingi maishani. Siku ile nilikwenda kuangalia kama kuna yako. Haikuwapo. Usiifikirie sana hiyo.

Unauliza ufanye nini. Mimi si mwalimu. Kama utamwambia, usimwambie kwa ajili yangu, mimi nimezeeka na kazi hata hivyo ilikuwa inakaribia kuisha. Mwambie kwa sababu wewe una miaka mingi ya kukaa na jambo hili.

Mvua kubwa zimekaribia. Wakata matete wamenikopesha mtumbwi, unavuja kidogo, na mimi navuja kidogo, tunaelewana. Ninazunguka bwawani kila siku. Kuna kitu nimekiona. Sisemi.

Swali moja. Ile kamera ndogo ya mjomba wako, filamu ikiisha inarudishwa kwa kuzungusha kile kishikio cha juu au cha chini? Zimebaki picha chache, naogopa kuiharibu.

Kula vizuri. Hesabu rudia.

Kimya



Nyumbani,
30 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo.

Aliyewaelekeza ni mimi.

Desemba nilipeleka picha ya ishirini na mbili kwenye shindano la gazeti, pamoja na mistari yote mitatu. Nilitaka watu waone kazi yako. Ilichapishwa tarehe sita Januari, na mstari wa pili ulikuwa chini ya picha kwa herufi nzito. Barua alizokuwa anapokea Babu Kimya zilikuwa zangu. Nilimwomba anifichie siri mpaka mwisho wa mwaka wako, akaahidi. Mjukuu aliyemtaja ni mimi. Alihamisha mkeka ili alinde kiota kwa sababu alijua gazeti limetoka.

Hakukuuza, Mjomba. Alikuwa anatimiza ahadi.

Nimejua haya tangu Februari na nimenyamaza. Kwa hilo sina la kujitetea. Nilikuogopa, na nilijiogopea mimi.

Tafadhali, kabla hujanikasirikia, nenda kwanza upande wa pili wa bwawa, kwa wakata matete. Mwambie umejua. Yuko peke yake kwenye mtumbwi unaovuja, naye anaendelea kulinda bila mshahara wala bunduki. Mrudishe kazini. Mimi unaweza kunikasirikia baadaye, nitakuwapo.

Kama hutaki tena kunitumia filamu, nitaelewa. Nimeweka vifaa vyako vyote katika boksi na kuvifunika.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe leo, maana gari la mahitaji limesitisha safari.

Mpwa wako



Kibandani,
6 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako ya tarehe thelathini Machi nimeipata jana. Mvua zilibeba daraja siku mbili baada ya wewe kuandika, na kwa wiki tano hakuna kilichoingia wala kutoka. Barua ilikuwa imekaa katika gunia la posta, upande wa pili wa mto, kilomita tisa kutoka hapa.

Sitazunguka. Kimya amefariki.

Wakata matete walimkuta tarehe kumi na tisa Aprili. Mtumbwi ulikuwa umepinduka, na yeye alikuwa amenaswa kwenye mizizi, ndani ya maji yasiyofika kifuani. Kichwani alikuwa na jeraha. Mganga wa zahanati alikuja kwa miguu, akatazama, akasema linaweza kuwa la kasia na linaweza kuwa la kitu kingine, na mvua ilikuwa imeosha kila alama. Nilikwenda kumzika. Nataka ujue nilivyokwenda: nilikwenda kama mtu anayekwenda kumzika aliyemkosea, nikijihesabia wema kwa kufika.

Nilipewa mkebe wake. Ndani zilikuwamo barua mbili, na mwandiko nikautambua kabla sijazifungua, kwa sababu niliufundisha mimi. Kulikuwa na kipande cha gazeti kimekunjwa mara nne. Chini ya picha, ule mstari wa pili ulikuwa umefutwa kwa penseli, umefutwa na kufutwa tena, mpaka karatasi imetoboka. Basi yote uliyoniandikia niliyajua siku ya maziko, udongo ukiwa bado mbichi. Barua yako ya jana imeniongezea jambo moja tu, kwamba ulisema mwenyewe bila kukamatwa. Limenisaidia kidogo.

Nimewaita ofisi kwa redio, nikaondoa sahihi yangu na kueleza ukweli. Wamenijibu kwamba faili lake limeshafungwa. Sasa njia imefunguka, nitaandika. Nitaandika mpaka walifungue.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Nikisema ndiyo leo, nitakuwa nakudanganya, na udanganyifu umetutosha. Lakini sikukasirikii kama unavyodhani. Nilikufundisha kuuandika mstari wa pili. Sikuwahi kukufundisha kuuficha, kwa sababu haikunipitia akilini kwamba picha zangu zinaweza kutoka kabatini. Wewe ulikosea kwa kutojua. Mimi nilikuwa namjua mtu yule kwa miaka mingi, nikamtilia sahihi.

Mkebeni kulikuwa pia na ile kamera ndogo, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na uzi. Filamu imeisha na imerudishwa vizuri. Sijui nani alimwelekeza. Sina dawa za kusafishia hapa. Nakutumia wewe. Fungua boksi.

Mjomba wako



Nyumbani,
28 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo.

Mkanda umefika. Barua yangu ya mwisho kwa Babu Kimya ilikuwa ya kumjibu swali moja, kwamba ni kile kishikio cha juu. Niliituma siku moja na yako, kwa mtu aliyekuwa anakwenda kwa miguu kwa wakata matete. Nilidhani haikufika. Sasa najua ilifika, ingawa hukuikuta mkebeni, kwa sababu filamu ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho.

Fundi alifunga studio siku nzima ili nisisumbuliwe. Aliniuliza, "Ukiharibu?" Nikamwambia sitaharibu. 

Filamu ilikuwa ya picha ishirini na nne. Kumi na moja ni dole gumba lake. Nimezisafisha zote, sikutupa hata moja. Nne ni maji tu. Tatu zimeingia mwanga. Moja nadhani alitaka kupiga ndege akachelewa, ameacha tawi linatikisika. Moja ni yeye mwenyewe, bila kukusudia: kivuli chake juu ya maji, kofia na viwiko viwili vimeinuliwa. Ndiyo picha pekee ya Babu Kimya tuliyo nayo. Hiyo nakutumia humu, nimeifunga ndani ya ile soksi.

Nne za mwisho ni za jambo moja. Mjomba, kaa chini kwanza. Ni korongo jike na dume. Jike ana kovu jeupe mdomoni, kama wa picha ya ishirini na mbili. Nadhani ndiye yeye, na amepata mwenzake. Wako kwenye kiota kipya na chini yao kuna mayai mawili.

Nilichukua kile kioo cha kukuzia nikatafuta mti, kilima, jiwe, chochote cha kuonyesha ni wapi. Hakuna. Amepiga akiwa chini sana, karibu alale ndani ya mtumbwi, na picha zote nne zimejaa matete na maji tu. Kwanza nilidhani hakujua kupiga. Nikatazama tena. Nne zote, Mjomba, na hakuna hata moja yenye anga. Nikaweka kioo chini.

Mayai ya korongo hukaa siku thelathini. Hata kama aliwapiga picha siku yake ya mwisho, muda huo umeshapita. Kama hakuna aliyefika, wanatembea sasa.

Shule inafungwa Agosti. Sitaomba kuja. Ukiniita, nitakuja.

Nimeandika nyuma ya ile iliyo bora kwa penseli, kama ulivyonifundisha:

Korongo wenye taji, jike na dume, mayai mawili.

. . . . . . . . . . . . . . .

Asubuhi, kwa urefu wa vivuli. Aprili. Imepigwa na Kimya, mlinzi wa bwawa.

Fundi aliigeuza akaisoma, akaniuliza mbona nimeruka mstari wa pili. Nikamwambia pale ni wapi sijui. Ni kweli, Mjomba. Sijui, na wewe tafadhali usitafute.

Mpwa wako